MongoDB imegoma kurudi baada ya kuitoa kwenye Ubuntu 22.04, inalilia libssl1.1

Swali: Mambo kaka, seva yangu ilikuwa Ubuntu 20.04 nikaipandisha 22.04, MongoDB 5.0 (database yangu) ikaendelea kupiga kazi fresh. Juzi ikaanza kusumbua nikaitoa ili niinstoli upya, sasa inakataa, inasema "Depends: libssl1.1 but it is not installable". Nimepiga apt --fix-broken install, wapi. Data bado zipo. Nifanyeje?

Jibu: Poa kaka. Hiyo fix-broken achana nayo, kazi yake ni kumalizia pakeji zilizokwama katikati, na yako haijakwama popote, imekosa kitu. Soma mwisho wa hiyo erori: "not installable" maana yake apt imepekua ripo zako zote (sehemu inakochukua pakeji) na pakeji haipo kabisa. Ingesema "not going to be installed" hapo ipo ila kuna kitu kinaizuia, ungeanza na apt-mark showhold, inaonyesha pakeji zilizoshikiliwa. Hakikisha kwa apt-cache policy libssl1.1, Candidate itakuwa none.

Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSL 3 (laibrari ya usimbaji), libssl1.1 ambayo ni ya OpenSSL 1.1 imeachwa nyuma. Ilikuwa inafanya kazi kwa sababu ile ya zamani ilibaki humo kwa ajili ya Mongo, sasa ulipoitoa Mongo nadhani ukapiga na autoremove (inafuta pakeji zisizohitajika tena), ikaondoka nayo.

Watu watakwambia udownlodi .deb ya libssl1.1 uiingize kwa dpkg. Itaingia kweli, ila haitapata apdeti za usalama, na ndiyo hiyo inayobeba TLS (usimbaji wa mawasiliano), mi kwenye seva ya kazi siwezi.

We kopi kwanza /var/lib/mongodb (folda ya data) uweke pembeni, kabla hujagusa chochote. Halafu nenda /etc/apt/sources.list.d, faili la Mongo bila shaka lina neno focal, yaani 20.04. Usibadilishe hilo neno tu ukaweka jammy, yaani 22.04, 5.0 haikutengenezewa jammy. Futa faili, weka ripo ya 6.0 ya jammy na key yake, apt update, kisha apt install mongodb-org.

6.0 inasoma data za 5.0 ila featureCompatibilityVersion (seting ndani ya data inayosema ziendane na toleo lipi) iwe 5.0, kama iliachwa 4.4 mongod, yaani programu yenyewe ya Mongo, haitawaka na sababu utaikuta kwenye /var/log/mongodb/mongod.log. Ikiwa hivyo washa 5.0 kwenye Docker (inaendesha programu ikiwa imetengwa na mfumo) juu ya kopi nyingine ya data, ipandishe hiyo featureCompatibilityVersion iwe 5.0 humo, zima, ndio urudishe data kwenye 6.0. Na ukishazirudisha piga chown -R mongodb:mongodb kwenye hiyo folda, maana ukikopi kwa root itagoma tena kwa sababu ya pamisheni.