Ukikabidhiwa maktaba ya shule, panga kwa kuanzia na mwanafunzi

Mwalimu akikabidhiwa funguo za maktaba ya shule, mara nyingi mpango wake wa kwanza huwa orodha ya mahitaji: rafu, vitabu, kompyuta, feni, rangi ya ukuta. Orodha inaenda kwa mkuu wa shule, mkuu anaipeleka kwenye bodi, na huko inalala. Nimekuwa mwalimu wa maktaba katika shule ya sekondari ya kutwa kwa miaka mingi sasa, huku nikifundisha Jiografia, na ushauri wangu kwa mwenzangu anayeanza ni huu: orodha hiyo iweke pembeni kwanza. Andika mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza unataka awe anaweza kufanya nini na taarifa ifikapo Desemba. Mambo ya rafu yatafuata.

Kujua pa kuanzia hakuhitaji dodoso. Chukua kitabu cha Biolojia chenye faharasa nyuma, yaani orodha ya maneno na kurasa yanakopatikana, wape wanafunzi wawili wawili nakala moja, waambie watafute kinasema nini kuhusu malaria. Kisha nyamaza uangalie mikono yao. Wengi watafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kupekua mmoja baada ya mwingine. Wachache watakwenda kwenye yaliyomo. Atakayegeuza kitabu moja kwa moja hadi kwenye faharasa ni wa kutafuta kwa tochi. Hawa ni watoto wenye akili, wamefaulu darasa la saba vizuri. Hakuna tu aliyewahi kukaa nao akawaonyesha namna kitabu kinavyotumika. Mimi jambo hili huniumiza kila mwaka, kwa sababu ni la kufundishika kwa siku chache.

Andika ulichokiona. Huo ndio ukurasa wa kwanza wa mpango wako, na swali hilohilo utaliuliza tena mwisho wa muhula.

Ukisoma vitabu vya ukutubi, yaani taaluma ya kuendesha maktaba, utakutana na mifumo mizuri ya kufundishia stadi hizi za kutafuta na kutumia habari. Mmoja unaojulikana sana ni Big6, wa Wamarekani Eisenberg na Berkowitz, uliotoka mwaka 1990. Unagawa kazi katika hatua sita: kujua unachotafuta, kufikiria vyanzo, kuvifikia, kuchota kilichomo, kukiunganisha, na kujipima. Nauheshimu mfumo huo na bado naurudia ninapopanga. Lakini kipindi chetu ni dakika 40, na darasa lina wanafunzi wengi kuliko viti vya maktaba. Hatua sita kwa mkupuo hazifundishiki. Chagua stadi moja kwa muhula kwa kila kidato. Kidato cha kwanza wajue sehemu za kitabu na namba zinazobandikwa kwenye mgongo wake. Kidato cha pili walinganishe vyanzo viwili. Kidato cha tatu waandike kwa maneno yao wenyewe na kutaja walikotoa. Kidato cha nne wana mtihani mbele, kwa hiyo nenda nao kwa yale yatakayowasaidia kujisomea.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Stadi za habari hazishiki kichwani zikifundishwa peke yake. Kipindi cha maktaba kinachosimama chenyewe kwenye ratiba ndicho cha kwanza kuliwa mitihani ya majaribio (moko) ikikaribia, na hata kisipoliwa, mwanafunzi haoni kinahusianaje na kazi aliyopewa darasani. Kwa hiyo usiombe kipindi. Omba maazimio ya kazi ya mwalimu mwenzako, yaani mpango wake wa mada za kufundisha, kaa naye chini ya mwembe au popote mnapokaa mapumziko, mtafute mada moja ambayo wanafunzi wake wangeielewa vizuri zaidi wakiitafuta wenyewe. Kipindi kinabaki kuwa chake, mada inabaki yake, ila siku hiyo darasa linahamia maktaba na mnafundisha wawili.

Nitoe mfano wa somo langu. Shule nyingi zina atlasi za miaka tofauti, na kila ukaguzi ukikaribia mtu anataka za zamani zitupwe. Tafadhali usizitupe. Ziweke tatu mezani na uulize: Tunduma iko mkoa gani? Atlasi moja itasema Mbeya. Nyingine itasema Songwe. Ya tatu, iliyochakaa kuliko zote, haina Geita, haina Simiyu wala Katavi, na Njombe imo ndani ya Iringa. Waulize ipi inasema kweli. Kutakuwa na kelele, iache iendelee. Wengine watachagua yenye jalada zuri, wengine kubwa kuliko zote, wengine ile iliyo na jina la mchapishaji wanayemjua. Baada ya muda kuna mtoto atafungua kurasa za mwanzo aone mwaka wa kuchapishwa. Hapo ndipo unaingia na kuwaambia kwamba Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilitangazwa kuwa mikoa mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Atlasi zote tatu zilikuwa sahihi siku zilipochapishwa.

Tangu siku hiyo hawafungui kitabu bila kutazama mwaka. Ukiwapa zoezi la idadi ya watu, wakakuta kitabu kimoja kina watu milioni 44.9 na tovuti ina milioni 61.7, hawasemi tena kwamba kitabu kinadanganya. Wanajua ya kwanza ni sensa ya 2012 na ya pili ni ya 2022, na wanakuuliza ipi uliitaka.

Lugha nayo iingie kwenye mpango. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kukuta maktaba karibu yote ni Kiingereza. Anajua mmomonyoko wa udongo ni nini, ameuona nyuma ya nyumba yao, lakini hajui neno la kulitafuta kwenye faharasa. Sisi kabla ya kutafuta chochote tunaandika maneno ya mada kwenye karatasi, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule, kamusi zikiwa mezani. Dakika 10 hizo zinaokoa kipindi kizima. Waruhusu pia kuandika muhtasari kwa Kiswahili kabla ya kuuhamishia Kiingereza. Anayelazimishwa kuandika moja kwa moja kwa lugha asiyoimudu atanakili sentensi za kitabu zilivyo, na utamwita mvivu bure.

Usiogope kukosa intaneti. Simu wanazo nyumbani, za wazazi na kaka zao, na taarifa nyingi zinawafikia huko. Chapa ujumbe mmoja wa aina inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ule wa “ajira mpya zimetangazwa, tuma kwa watu 10”, ubandike ukutani uwaulize: nani ameandika, lini, na tukitaka kuhakikisha tutaangalia wapi? Mjadala huo hauhitaji umeme. Kama ipo kompyuta moja ofisini na bando kidogo, waonyeshe Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, wajue kwamba vitabu vya kiada wanaweza kuvisoma hata ambako rafu ni tupu.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla. Hakikisha maktaba imo kwenye Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule kabla ya hapo, na usiandike “kuboresha maktaba”, maana hakuna anayejua hiyo ni shilingi ngapi. Andika kwamba wanafunzi wa kidato cha pili watajifunza kulinganisha vyanzo, na kwa kazi hiyo unahitaji atlasi mpya 10 na rimu 2 za karatasi. Mkuu wa shule akisita, mwoneshe matokeo ya lile zoezi la malaria. Unaweza pia kumtajia Ilani ya Maktaba za Shule ya mwaka 1999, ya UNESCO na IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba), inayosema kwamba wakutubi na walimu wakifanya kazi pamoja, wanafunzi hupanda katika kusoma, kujifunza na kutatua matatizo. Na kabla ya kukata tamaa kwamba huna taaluma ya ukutubi, nenda maktaba ya mkoa ukajitambulishe. Ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo pia ina chuo cha ukutubi kule Bagamoyo. Mkutubi wa mkoa akikuonyesha mara moja namna ya kuvipa vitabu namba za Dewey, zile zinazovipanga rafuni kwa mada, utaokoa mwaka mzima wa kubahatisha.

Mwisho wa muhula, daftari la kuazima lisikudanganye. Vitabu vinaweza kutoka vingi na kurudi bila kufunguliwa. Omba insha kutoka kwa mwalimu wa somo, soma chache, uangalie kama mwanafunzi ametaja alikotoa habari, na kama ametumia chanzo zaidi ya kimoja. Rudia na zoezi la faharasa.

Haya yote yaweke kwenye faili moja: maswali uliyouliza, ulichokiona, kazi za wanafunzi kadhaa za kabla na za baada, mada mlizofundisha pamoja na nani. Nakala moja ibaki kwako, nyingine kwa mwalimu wa taaluma. Walimu tunahamishwa, wakati mwingine katikati ya muhula, na atakayepokea funguo baada yako anastahili kukuta kazi ilipofikia.