Maji yanasafishwa Ruvu, mbona bombani kwangu yana rangi ya chai?

Habari za kazi. Mimi naishi Tabata, kwetu maji ni ya mgao na mara nyingi yanakuja usiku wa manane. Yakianza kutoka yana rangi ya chai na harufu ya tope, baadae yanatakata. Mume wangu anasema mtamboni hawasafishi kitu wanakula hela tu. Ni kweli? Na nikichemsha inatosha? – Mama Wawili

Mama Wawili, asante sana, swali lako ni la watu wengi. Mwambie baba watoto mtamboni wanasafisha. Maji mengi ya bomba hapa Dar ni ya mto Ruvu, yanapita kwenye mitambo miwili, Ruvu Juu kule Mlandizi uliojengwa 1959 na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo wa 1976, pale tope linatolewa, maji yanachujwa af yanatiwa klorini. Na mitambo yenyewe imepanuliwa, Ruvu Chini ilitoka lita milioni 180 kwa siku ikafika 270, Ruvu Juu ilitoka 82 ikafika 196.

Shida inaanza njiani dada yangu. Bomba likiwa limejaa na lina presha, hata kama limetoboka maji yanatoka nje, uchafu hauingii. Sasa mgao ukikata, presha inaisha, bomba linabaki tupu, na kile kitobo kilichokuwa kinavujisha maji nje ndo kinaanza kuvuta ya nje kuingia ndani. Hebu pita mtaani kwenu mchana uangalie mabomba ya plastiki ya kwenda majumbani yamepita wapi, utakuta mengine yamelala ndani ya mtaro kabisa, kwenye yale maji meusi ya kufulia na ya vyooni, na kiungio kimefungwa na kipande cha mpira wa tairi. Hapo ndo maji yako yanapochafukia. Af kuna jirani mwenye pampu aliyoiunga moja kwa moja kwenye laini, yani akiwasha anafyonza bomba la mtaa mzima, na kinachofyonzwa sio maji peke yake. Naomba tuache hii tabia, ni hatari kwetu sote. Mwenye pampu ajaze tenki la chini kwanza, avute kutoka humo.

Kwahiyo yakianza kutoka usiyakinge ya kunywa hapohapo. Yale ya mwanzo kinga kwenye ndoo ya kudekia na ya chooni, subiri yatakate ndo ujaze madumu. Kuchemsha kunatosha kuua vijidudu, yaache yatokote kweli sio kupata moto tu, yapoe hukohuko kwenye sufuria yakiwa yamefunikwa. Ukiwa huna gesi tumia dawa ya maji, ila chuja kwanza kwa kitambaa kisafi maana tope linaimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwa vijidudu, fuata vipimo vya kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Na simtanki lioshwe, mnajaza maji mapya juu ya tope la mwaka mzima halafu mnalaumu bomba! Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapahapa Dar, tusisahau mapema.

Kaka mhariri, kila siku tunasikia miradi, mara bwawa la Kidunda mara visima. Hili bwawa likiisha mgao ndo basi? – Msomaji, Mbezi

Litasaidia sana ila sio peke yake. Mnakumbuka Oktoba na Novemba 2022, mvua ziligoma, Ruvu ikashuka na jiji zima likaingia kwenye mgao, mitambo ipo ila mto hauna kitu. Kidunda kule Morogoro ni kwa ajili ya hilo, litatunza lita bilioni 190 ili kiangazi mto uendelee kutiririka. Visima vya Kigamboni vilivyozinduliwa Novemba 2022, lita milioni 70 kwa siku, navyo viliupunguzia Ruvu mzigo.

Lakini bwawa halibadilishi bomba bovu la mtaani kwenu. Mimi kwa maoni yangu hela ya mabomba madogo ya mitaani, viungio na kuyatoa mitaroni inatakiwa ipewe uzito uleule wa bwawa, hata kama haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Maji yakitoka saa 24 yenye presha, ubora unapanda bila hata kuongeza dawa. Diwani akija kwenye mkutano muulizeni hilo, mtaa wetu mabomba yanabadilishwa lini.

Shikamoo. Tuna kisima cha uani, maji yana chumvi kidogo. Tunachemsha, yanafaa kwa mtoto wa miezi mitatu? – Bibi Harusi wa Zamani, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Kuchemsha hakutoi chumvi, tena maji yakipungua chumvi inazidi. Na kisima kikiwa karibu na shimo la choo kuna naitreti pia, yani kemikali inayotokana na kinyesi, nayo haichemkiki ikaisha na kwa watoto wachanga ni mbaya. Mtoto wa miezi mitatu anayenyonya hahitaji maji kabisa mpaka afike miezi sita, maziwa yako yanamtosha hata na joto hili. Kama anatumia maziwa ya kopo, usiyakoroge kwa maji ya hicho kisima mpaka upeleke sampuli maabara ya maji wakupimie.