Siku 21 zimekwisha, mbona bado sijazoea?

SWALI: Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Githurai, na ninauza spea za magari katika duka moja Kirinyaga Road huku nikijiandaa kwa mitihani ya uhasibu ya KASNEB. Niliambiwa kwamba jambo likifanywa siku 21 mfululizo huwa tabia, nikaamua kuamka saa kumi alfajiri nisome. Mara ya kwanza niliishia siku ya tisa. Mara ya pili nilizimaliza zote 21, lakini usiku uliofuata stima ilipotea, simu ikazima kwa kukosa chaji, nikaamka saa kumi na mbili, na tangu hapo sijafungua kitabu. Je, mimi ni mvivu tu?
Msomaji, Githurai

JIBU: Ndugu yangu, uvivu siuoni hapa. Mtu aliyeamka alfajiri siku 21, kisha akashinda nyuma ya kaunta akivutana na mafundi kuhusu bei ya pedi za breki, ni mtu aliyepewa hesabu isiyo sahihi akaiamini. Hesabu hiyo kwa kawaida huhusishwa na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa aliowarekebisha sura walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea. Neno "angalau" lilidondoka njiani, na habari za pua mpya zikageuzwa kuwa kanuni ya kila tabia.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa majuma 12, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo dogo la kufanya kila siku, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009 kadirio la katikati lilikuwa siku 66, wepesi kabisa wakizoea kwa siku 18 na wazito wakikadiriwa kuhitaji 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuwaathiri sana. Kwa hiyo usiku ule wa giza haukukuharibia kitu. Kilichokuharibia ni zile siku zilizofuata, ulipodhani kwamba kazi yote imemwagika.

Ugonjwa huo naujua. Nilipotaka kuandika shajara, kila nilipokosa siku mbili nilinunua daftari jipya, kana kwamba la zamani limeingia najisi, hata nikawa na madaftari manne yenye kurasa tano tano zilizoandikwa. Watoto ndio waliofaidika, wakayafanyia hesabu.

Lakini lenye uzito zaidi ni kwamba tabia yako uliifunga kwenye simu, nayo chaji ilipokwisha, tabia ikaenda nayo. Watu wa Lally waliyafunga yao kwenye jambo ambalo tayari lilikuwa likitokea kila siku, kwa mfano kumaliza kiamshakinywa. Wewe je, ni lipi hulikosi hata stima ikipotea? Nadhani ni chakula cha jioni. Basi kitabu kikae juu ya kigoda kando ya sahani yako, kalamu ikiwa katikati ya kurasa ulizoachia, na ukishanawa mikono ufanye maswali matatu kabla ya kugusa simu. Maswali matatu, si sura nzima, kwa sababu umeshinda umesimama na matatu za Thika Road nazo zimekuchosha. Weka taa ya kuchaji karibu.

Kuhusu saa kumi alfajiri, sioni ulazima wake. Wapo wanaofanikiwa kwa saa hiyo, ila wengi wao hawarudi nyumbani saa mbili usiku.

Jioni ya leo usinunue daftari jipya. Chukua lile la siku ya 21, andika tarehe ya leo chini ya mstari wa mwisho, kisha uendelee na swali lililofuata.