Deni hilo ulishalilipa

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34 na watoto wawili. Miezi minne iliyopita niliharibu gauni la sendofu la mteja. Nilikata kitambaa vibaya, akanitukana mbele ya watu kwamba mimi si fundi, ni bure kabisa. Pesa ya kitambaa nilimrudishia yote. Lakini tangu siku ile, kila usiku nasikia maneno yake kama yanasemwa sasa hivi. Kazi za maharusi nazikataa. Rafiki yangu aliniwekea kwenye simu programu ya kutafakari, ila nikijitahidi kuiacha akili iwe tupu, mawazo ndiyo yanaongezeka. Hata hilo limenishinda. Dada ninayeishi naye anasema hiyo ni ibada ya watu wengine. Kuna usiku natamani kusikuche. Niyafute vipi mawazo haya?
Asiyelala

Marahaba, mwanangu.

Naanza na maneno uliyoyaweka karibu na mwisho kana kwamba hayana uzito: kuna usiku unatamani kusikuche. Nimeyasoma mara tatu. Wiki hii nenda hospitali, uliza kitengo cha afya ya akili, umwambie daktari maneno hayohayo bila kuyapunguza. Ukishindwa kuyatamka, mpe barua hii aisome. Dada yako mwambie leo. Na ikitokea usiku umeanza kufikiria namna ya kujidhuru, usingoje asubuhi. Mwamshe mwende saa hiyohiyo. Haya ninayokuandikia hapa chini yaende pamoja na matibabu, yasichukue nafasi yake.

Sasa swali lako. Nadhani neno "kuyafuta" ndilo linalokuchosha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi kwamba kwa dakika 5 wasimfikirie dubu mweupe, na atakayemfikiria agonge kengele. Kengele ziligongwa na kugongwa tena. Waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajaa kichwani kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Wewe una miezi minne unajikataza yule mteja. Haishangazi akija kila usiku.

Kwa hiyo hukushindwa na ile programu. Uliielewa vibaya, kama wengi wetu tulivyoielewa mwanzoni. Akili haitakiwi kuwa tupu. Kinachotakiwa ni kuona wazo linapoingia, kulitambua kwamba ni wazo, kisha kurudi ulipo. Likija tena, unarudi tena. Ukirudi mara hamsini kwa dakika tano, umefanya zoezi mara hamsini.

Dada yako usimkasirikie, ana sababu ya kuuliza. Asili ya mazoezi haya ni kwa Mabudha. Lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu kwa wiki kadhaa, bila kumtaka mtu abadili dini. Na mwambie hivi: mtu anayeswali, akajikuta ameanza kuwaza bei ya unga, akairudisha akili kwenye swala yake, hilo analijua tayari.

Wewe nawe unalijua, ila kwa mikono. Kesho asubuhi, kabla hujapitisha uzi kwenye sindano, kaa kwenye cherehani na macho wazi. Weka nyayo kwenye kanyagio, usikie ubaridi wa chuma. Vuta pumzi, itoe taratibu, kisha sikiliza miguu tu. Mteja atakuja na matusi yake. Mwambie kimoyomoyo, "hilo ni wazo," urudi kwenye miguu. Dakika tatu zinatosha. Halafu shona mshono wa kwanza ukiwa nao kweli, mlio wa sindano, kitambaa kinavyopita chini ya vidole. Ukiona kukaa kimya kunakuzidishia hofu, acha, simama, chambua mchele au fua, huku umakini wako ukiwa kwenye maji na mikono.

Kuna na maneno ya kubadilisha. Badala ya "mimi ni bure," sema, "nina wazo linaloniambia mimi ni bure." Yaseme kwa sauti ukiwa peke yako, usikilize tofauti. Katika lile la kwanza umo ndani kabisa. Katika la pili kuna wewe na kuna wazo, na mnaweza kuangaliana.

Ukishaweza kuliangalia, utaona lina sehemu mbili. Kitambaa kiliharibika: kweli. Ulikilipa: kweli pia. Hilo la kuwa bure liliongezwa na mtu mwenye hasira siku yake ilipoharibika, nawe ukalichukua kama risiti. Mwanangu, huyo anayekugongea kila usiku anadai deni lililokwisha. Huna haja ya kumpiga wala kumkimbia. Mwambie limelipwa, kisha sikia uzito wa mgongo wako kwenye godoro, sikiliza mvua kwenye bati au mbwa wa jirani. Usingizi ukikataa kabisa, amka ukae kidogo sebuleni bila simu, urudi kitandani ukisinzia.

Na usibebe peke yako. Zimbabwe, ugonjwa kama wako Washona wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kuwasikiliza watu kwenye mabenchi ya nje ya kliniki. Mabibi wale hawakuwa madaktari. Walikuwa na benchi, mafunzo na muda. Nawe kwako dada yupo. Mwombe akae nawe jioni, asikushauri, akusikilize tu.

Kazi za maharusi usizirudie kwa kishindo. Akija wa kupunguza kiuno cha gauni, ipokee hiyo. Chukua futi kamba, mpime mara mbili, andika kwenye daftari. Moyo ukienda mbio, nyayo sakafuni, pumua, endelea kupima.

Ukishaonana na daktari niandikie, nami nitakujibu hata kama safu imejaa.