Midlaini inapokea salaini lakini damu hairudi

Sista, kama salaini inaingia bila shida kwenye midlaini, ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa sehemu ya juu ya mkono, ila ukivuta damu hairudi, usikimbilie kuitoa. Anza na ya nje: kibanio kimefunguliwa? Mrija haujakunjika chini ya plasta? Mwambie mgonjwa anyooshe mkono na auinue kidogo, kisha vuta polepole. Ukivuta kwa nguvu, ukuta wa mshipa unanyonywa na kuziba ncha, nawe unadhani damu imeganda. Suuza kwa salaini, sukuma-tua, sukuma-tua, kwa bomba la sindano la ml 10. Bomba dogo hutoa shinikizo kubwa mno. Ikigoma, usilazimishe.

Midlaini kuacha kurudisha damu siku zikienda ni jambo la kawaida, kwani ncha yake huishia karibu na kwapa, haifiki kwenye mshipa mkubwa wa kifuani. Mimi huangalia zaidi mkono wenyewe. Ukivimba, ukiuma unaposukuma, au penye tundu pakilowa, simamisha dripu umwite daktari. Ultrasaundi itaonyesha kama damu imeganda mshipani. Na dawa zinazounguza tishu zikivuja, kama baadhi ya zile za saratani, usizipitishe humo kabisa, hata damu ikirudi vizuri.