Mdogo wako ameombwa aingie kwenye utafiti wa kifafa: niliyoyaona kwa mwanangu

Dada uliyeuliza kama mdogo wako wa kike, mwenye miaka 19 na kifafa tangu shule ya msingi, aingie kwenye utafiti ambao mama yenu anaukataa: nimesoma majibu ya wenzetu hapo juu. Wengine wanasema akimbie asije akageuzwa panya wa maabara. Wengine wanasema aingie haraka kwa sababu dawa ni za bure. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Nina kijana mwenye kifafa, ameshiriki utafiti mmoja wa kuhojiwa na kupimwa, na baadaye mwingine wa dawa, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye kwenye benchi. Nitaandika kirefu, univumilie, kwa sababu jambo hili halijibiki kwa ndiyo au hapana.

Swali ambalo ningeliweka mbele ya yote, mbele ya nauli na sindano, ni hili: siku utafiti utakapofungwa, mdogo wako atameza nini?

Sisi tulipewa dawa iliyomfaa mwanangu. Kuanguka kulipungua mpaka majirani wakaanza kuniuliza nimempeleka kwa nani. Alirudi kwenye useremala, akaanza kushika randa bila mtu kumsimamia. Kisha utafiti ukafikia mwisho. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja tu: dawa itatolewa katika kipindi cha utafiti. Tukaambiwa turudi kliniki yetu ya kawaida, na kliniki hiyo dawa ile haikuwa nayo. Duka la dawa la karibu nalo hawakuwa nayo, na la mjini waliiuza kwa bei ambayo fundi seremala hawezi kuilipa kila mwezi. Aliyetuokoa ni daktari mmoja wa ule utafiti, kijana mpole, aliyekaa nasi akapanga namna ya kumpunguzia dozi taratibu huku akimwanzishia dawa inayopatikana.

Nakueleza hivi kwa sababu dawa za kifafa hazikatwi ghafla. Mgonjwa anayeacha siku moja anaweza kupata mfululizo wa kuanguka usiokatika, anaanguka tena kabla fahamu hazijarudi, na hali hiyo inaua. Kwa hiyo mpango wa baada ya utafiti ni sehemu ya matibabu yenyewe. Uliza mapema, tena uliza mbele ya mdogo wako: dawa ikimfaa, ataendelea kuipata? Kwa muda gani, na nani atailipia? Ikiwa haitapatikana, nani atamhamishia kwenye dawa nyingine, na kwa ratiba ipi? Mtafiti mwenye nia njema hachukizwi na maswali hayo. Akikujibu kwamba hayo mtazungumza baadaye, mwambie na saini basi itatoka baadaye.

Sasa kwa wanaosema tukimbie tafiti zote. Mimi kwetu ni Ulanga, mkoa wa Morogoro, kwenye milima ya Mahenge. Mtu wa Mahenge hahitaji kuelezwa kifafa ni nini, karibu kila ukoo una mtu wake. Miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa akatibu watu kwa fenobabitoni. Aliandika jinsi wagonjwa walivyotengwa na mate yao kuogopwa. Wengi walikuwa na makovu ya moto kwa sababu walianguka kwenye mafiga. Aliwaona pia watoto ambao kichwa kilikuwa kinashuka na kupanda kama mtu anayesinzia, hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilisumbua sana Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini. Wakati huo hakuna aliyejua kwa nini milima yetu ina kifafa kingi hivyo.

Jibu limepatikana vipande vipande, na kila kipande kimetoka kwenye mwili wa mtu aliyekubali. Watu wa Mahenge walikubali kunyofolewa vipande vidogo vya ngozi kutafuta minyoo midogo ya usubi, ule ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Wengine walikubali hata kutolewa maji ya uti wa mgongo, kitu ambacho mimi mwenyewe ningetetemeka. Kwenye ngozi usubi ulionekana zaidi kwa wenye kifafa. Kwenye maji ya uti wa mgongo minyoo haikuonekana. Ndiyo maana hadi leo wataalamu wanabishana ni kwa njia gani mnyoo usioonekana kwenye ubongo unaleta kifafa. Baadaye timu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na wenzao kutoka nje walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinne. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha karibu watu 25 wenye kifafa katika kila 1,000, na katika vijiji vya ndani zaidi idadi ilifika karibu 35.

Faida ya tafiti hizo unaiona siku ya kugawa Mectizan, ile dawa ya usubi. Mgawa dawa anasimamisha ule ufito wenye alama, mtoto anasogezwa mgongo ugusane nao, visigino chini, kichwa sawa. Alama inayofika utosini ndiyo inayosema ni vidonge vingapi, na ambaye hajafikia sentimita 90 anarudi kwa mama yake bila kidonge. Zamani watu wetu walikuwa wanameza ili wasipofuke na ngozi isiwashe. Siku hizi mzazi anayejua anameza na kuwamezesha wanawe ili pia wasianguke. Hilo tusingelijua kama kila mtu angekimbia.

Na si kwetu peke yetu. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa kifafa katika maeneo matano ya Afrika, yakiwemo Ifakara kwetu Tanzania, Kilifi Kenya, na Iganga na Mayuge Uganda. Waliulizwa watu zaidi ya laki tano. Matokeo yalitoka 2013, yakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kifafa kwetu inahusiana na mambo yanayoweza kuzuilika: matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa, vimelea vya usubi na vya tegu wa nguruwe. Mdogo wako aliyeambiwa ana mapepo, huenda historia yake iko humo.

Turudi kwako. Kwanza ujue ni utafiti wa aina gani, maana hukusema. Kuna ule wa kuangalia tu: wanauliza maswali, wanachukua damu kidogo, wanapima, dawa zako hazibadiliki. Huo hatari yake ni ndogo, na mara nyingi mtu anapata uchunguzi ambao asingeweza kuulipia. Kule Hai, Kilimanjaro, walipopita kutafuta ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kwenye watu 161,071 walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na daktari yeyote. Wazee wale walitibiwa kwa sababu mhojaji alibisha hodi.

Kama kuna kipimo cha umeme wa ubongo, wanachokiita EEG, mwandae kwa nywele. Hili huwa hawalisemi mpaka umefika. Nywele zifumuliwe, zioshwe, zisipakwe mafuta, kwa sababu vile vidude vya waya vinabandikwa kwenye ngozi ya kichwa kwa dawa nzito nyeupe kama uji ulioganda, na kwenye nywele za rasta havishiki. Mwanangu aliambiwa alale kidogo sana usiku wa kuamkia kipimo, maana ubongo uliochoka huonyesha hitilafu kwa urahisi zaidi. Fundi alimwambia avute pumzi kwa nguvu na kuzitoa, tena na tena, kwa dakika kama tatu, mpaka vidole vikamfa ganzi. Kisha taa ikawashwa na kuzimwa mbele ya macho yake, haraka haraka. Haiumi. Hakuna umeme unaoingizwa kichwani, mashine inasoma tu ule ambao ubongo wenyewe unautoa. Mwambie mama yenu hivyo hivyo, maana nyaya zile zinatisha mtu asiyeelezwa. Na mjue kwamba majibu yakitoka safi, haina maana kwamba hana kifafa. Kipimo kinanasa muda ule mfupi tu aliolala pale.

Utafiti wa dawa ni habari nyingine. Huko kompyuta inapiga kura nani aingie kundi lipi, na mara nyingi si wewe wala daktari wako mnaojua anameza nini. Watu wengi hapa wameudhika na hilo la kura, wanaona ni kucheza na maisha. Mimi naliona hivi: kura ni halali pale tu ambapo madaktari kweli hawajui ipi ni bora. Marekani waliwahi kupambanisha dawa tatu za kukata kifafa kisichokatika, levetirasetamu, fosfenitoini na valproeti, na kila daktari alikuwa na ile anayoiamini. Matokeo ya 2019 yakawa kila moja ilifanya kazi kwa karibu nusu ya wagonjwa, hakuna iliyoshinda. Bila kura wangeendelea kubishana. Lakini kwa mdogo wako swali ni moja: akiangukia kundi la dawa bandia, je, dawa zake za sasa anaendelea nazo? Uganda, walipojaribu dawa ya doksisaiklini kwa wagonjwa wenye ule ugonjwa wa kutikisa kichwa, dawa bandia iliwekwa juu ya matibabu ya kawaida, haikuchukua nafasi yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu yeyote akimwambia aache dawa zinazomsaidia ili apewe kitu kisicho na dawa ndani, hapo mimi nitaungana na wanaosema akimbie.

Na kwa kuwa ni binti wa miaka 19, kuna jambo ambalo wanaume wa uzi huu hawakuligusa. Valproeti ikimezwa na mjamzito inaweza kumletea mtoto kasoro za uti wa mgongo na kumdumaza akili, kwa hiyo msichana anayeweza kushika mimba hapaswi kuanzishiwa bila maelezo marefu, pale ambapo dawa nyingine inaweza kumfaa. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini nazo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na pia ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Utafiti wa dawa utamwomba apime mimba na utamuuliza kuhusu uzazi wa mpango. Hilo wasimuulize mbele yako wala mbele ya mama. Ana haki ya kuzungumza na muuguzi peke yake, na wewe kama dada mkubwa ndiye wa kumtengenezea nafasi hiyo. Saini pia ni yake. Ana miaka 19, si mtoto. Ushauri mpeni, lakini mkono usishikwe.

Kuhusu fomu ya ridhaa: iwe ya Kiswahili na asomewe pole pole. Kama mtu hajui kusoma, anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa upande wa watafiti. Nakala moja ni yenu, mwende nayo nyumbani. Mna haki ya kulala nayo kwanza, hakuna utafiti wa kifafa cha muda mrefu unaomlazimu mtu kusaini leo leo. Tafuteni namba ya kibali cha kamati ya maadili, kwa Tanzania bara ni ya NIMR, na kama ni majaribio ya dawa pawepo na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Angalieni sehemu inayosema damu itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama itavuka mpaka. Angalieni pia nani atalipa akipata madhara kutokana na dawa. Na anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu na bila kunyimwa huduma ya kawaida pale hospitali. Ila kwa sababu ya hatari niliyoieleza, asijitoe kwa kutupa vidonge. Aende aseme anajitoa, wampangie namna ya kushuka.

Mtafutieni daftari dogo tangu leo, hata kabla hajaamua. Kila akianguka andikeni tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, ilianza upande gani wa mwili, ilidumu muda gani, kama dozi ilirukwa, kama yuko kwenye siku zake. Nilipopeleka la kwetu, daktari aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, akaona mwanangu anaanguka zaidi alfajiri anapoamshwa mapema, na hapo ndipo muda wa kumeza dawa ulipobadilishwa.

Mama yenu anayekataa msimzunguke. Mwende naye siku ya maelezo, aulize yeye mwenyewe hilo la panya wa maabara, kwa maneno yake, ajibiwe ana kwa ana. Kisha rudi hapa utuambie ni utafiti wa aina gani na jina la dawa kama ipo. Jina la mdogo wako na la hospitali usiyaweke, hayahitajiki. Kipande cha fomu kinachozungumzia baada ya utafiti ukikiandika hapa, nitakisoma nikuambie wapi pa kuuliza zaidi.