Tone lenye chaji huyeyuka?

SWALI: Ninawatafsiria wanafunzi maelezo ya spektrometa ya masi (mashine ya kupimia uzito wa molekuli), ile ambayo sampuli hurushwa kama manyunyu kutoka kwenye sindano yenye volti elfu kadhaa. Nimeandika: "Matone yenye chaji yanayeyuka, yanapasuka, kisha ioni zinayeyuka kutoka kwenye tone." (Ioni ni chembe yenye chaji.) Mwenzangu anasema kinachoyeyuka ni barafu tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amekaza mno, hata chumvi huyeyuka majini. Ila hapa kitenzi hicho kimekuponza. Tone tayari ni maji, sasa liyeyuke liwe nini? Kimiminika kinageuka mvuke, na tone linanywea. Andika hivyo hivyo, linanywea. "Linavukiza" ningeliepuka, maana wasomaji wa pwani watanusa nguo zinazofukizwa udi.

"Yanapasuka" nayo inapotosha, kwani mwanafunzi ataona puto. Chaji haziondoki na mvuke. Tone likinywea zinabanana, zinasukumana, hadi zinaishinda nguvu inayoushika uso wa tone. Kikomo hicho mwanafizikia Lord Rayleigh alikipigia hesabu mwaka 1882. Tone likikifikia huchongoka, likatema vijitone kutoka kwenye ncha yake. Hupoteza kama asilimia 2 tu ya uzito, lakini chaji kama asilimia 15. Huko ni kutema. Kilichopasuka hakibaki na asilimia 98 ya mwili wake!

Kwenye ioni ndipo penye kazi, kwa sababu wataalamu wenyewe wana picha mbili. Kwa Malcolm Dole (1968), vijitone hunywea na kutema hadi kimoja kinabaki na molekuli moja tu ndani. Maji yakiisha, molekuli hurithi chaji. Kwa Iribarne na Thomson (1976), ioni haingoji tone liishe, huchomoka usoni pake kijitone kikishafikia nanomita chache. Siku hizi picha ya pili huaminiwa zaidi kwa ioni ndogo, ya kwanza kwa protini kubwa. Basi ioni ndogo inachomoka, protini inaachwa. Wala usiitafsiri picha ya kwanza, ambayo kwa Kiingereza huitwa "charged residue", kuwa "mabaki yenye chaji": mabaki ni ya sahani, na hapa kilichobaki ndicho tulichokuwa tukikitafuta.

Mimi ningeandika: "Tone lenye chaji hunywea kadiri kimiminika kinavyogeuka mvuke, likatema vijitone, ioni ndogo huchomoka humo, na protini huachwa na chaji zake maji yanapokwisha."